Mwongozo wa Mchezaji wa Soka Anayehamia Klabu Mpya

Nilipohamia Nakuru kutoka timu ya kampuni ya sukari huku magharibi, nilikuwa na umri wa miaka 21, mkoba mmoja, jozi mbili za njumu na barua ya kuachiliwa iliyokunjwa mara nne ndani ya Agano Jipya la mfukoni. Mkataba niliutia saini juu ya boneti ya gari la katibu wa klabu, na ukurasa wa pili sikuusoma. Wiki sita baadaye nilikuwa nimepungua kilo nne, nimehama nyumba mara mbili, na nafasi yangu ya beki wa kushoto ilikuwa imechukuliwa na kijana ambaye hakunizidi mbio wala krosi; nasema hivyo bila kinyongo kwa kuwa miaka imepita. Alichonizidi ni usingizi, kwa sababu alikaa mwendo wa dakika tano kutoka uwanja wa mazoezi, nami niliamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta matatu.

Siku hizi mimi ni meneja wa timu, na kila dirisha la uhamisho linapofunguliwa huwapokea vijana wanne watano wenye mikoba kama ule wangu. Wengi wao hawashindwi na mpira, bali na nyumba, chakula, karatasi na simu kutoka nyumbani. Kwa hiyo sitakufundisha kupiga mpira hapa, kwani hilo unalijua, na kama hulijui kocha wako atakuwa amekwisha kuliona.

Kabla klabu haijakutafuta

Kwa mchezaji wa huku kwetu safari huanzia shuleni. Michezo ya muhula wa pili ndiyo soko la kwanza, na shule kama Kakamega School, Musingu na St. Anthony's ya Kitale zimelea wachezaji wengi waliofika Ligi Kuu na timu ya taifa, Harambee Stars. Asiyebahatika huko hupitia ligi za kaunti, kisha madaraja ya Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, ngazi kwa ngazi hadi NSL, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Njia hiyo ya pili ni ndefu, ila humkomaza mchezaji, kwa kuwa anacheza na watu wazima kila Jumamosi katika viwanja ambavyo ng'ombe wameondolewa asubuhi hiyohiyo.

Katika hatua hii chagua dakika za kucheza kuliko jina la klabu. Msimu mzima wa NSL unaoanza kila mechi una faida kuliko jezi ya Gor Mahia au AFC Leopards unayoivaa mazoezini tu. Mshambuliaji wa Harambee Stars, Michael Olunga, alikuwa Tusker, akapelekwa Thika United kwa mkopo, kisha akaenda Gor Mahia iliyotwaa ligi ya 2015 bila kushindwa, na mwaka 2016 akawa Sweden na Djurgården. Mkopo ule wa Thika hauzungumzwi sana, lakini kijana aliyekataa kutolewa kwa mkopo kwa kuona aibu angebaki benchi akilinda heshima ambayo hakuna anayeilipia.

Anza pia kuweka daftari la kila mechi: tarehe, mpinzani, dakika ulizocheza, nafasi uliyocheza, na jina la timu iliyokusajili mwaka huo, tangu ulipokuwa na umri wa miaka 12. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu ya kijijini kwenu inaweza kununua mipira ya miaka kumi kwa mgao huo, mradi iwe ilikusajili rasmi na kuna karatasi ya kuthibitisha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kushika kalamu

Swali la kwanza si mshahara ni kiasi gani. Ni pesa za klabu hii zinatoka wapi, na zikikatika nini kitafuata. Huku magharibi tumelipa karo ya somo hili. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006, na mwaka 2019 ikatupwa nje ya ligi baada ya kushindwa kufika uwanjani kwa mechi tatu, katika msimu uleule ambao kampuni ya kamari ya SportPesa ilikuwa imejiondoa katika udhamini. Western Stima ya Kisumu iliyumba mdhamini wake alipoondoka. Mchezaji hana uwezo wa kuzuia hayo, lakini anaweza kuwapigia simu wachezaji watatu wa klabu anayoiendea na kuwauliza mwezi wa mwisho waliolipwa ni upi. Wapigie wawili walio kikosini na mmoja aliyeondoka msimu uliopita. Huyo aliyeondoka ndiye atakayekupa ukweli usio na sukari, ingawa nawe mchuje kidogo kama aliondoka kwa ugomvi.

Kisha usome mkataba. Usome ukiwa umeketi, na pembeni yako awepo mtu asiyepata chochote wewe ukitia saini. Mwalimu wako wa zamani anafaa, au mjomba anayefanya kazi ya afisi. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa huandikwa, na kwa kanuni za FIFA haupungui kipindi cha kuanzia siku unapoanza kufanya kazi hadi mwisho wa msimu, wala hauzidi miaka mitano isipokuwa pale sheria za nchi zinaporuhusu. Kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu. Mshahara utajwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na siku ya kulipwa. Marupurupu ya mechi yatenganishwe na mshahara, kwa kuwa viongozi wengine huyajumlisha mdomoni ili kiasi kionekane kinene, kisha wiki isiyo na mechi ukajikuta unalipwa nusu. Uliza ni nani atakayelipa nyumba, ni nani atakayelipa hospitali, na kama makato ya kodi, ya akiba ya uzeeni (NSSF) na ya bima ya afya (SHA) yatapelekwa kweli kunakohusika au yatabaki kwenye hati ya mshahara tu.

Vipimo vya afya vifanywe kabla ya kutia saini. Kanuni hizohizo zinakataza uhalali wa mkataba kutegemea matokeo ya vipimo au kupatikana kwa kibali cha kazi, kwa hiyo klabu inayokuambia utie saini leo kisha "tutaangalia goti lako kesho" inakutafutia mlango wa kukutolea. Ondoka na nakala yako siku hiyohiyo. Ukiambiwa nakala italetwa, subiri hapohapo hadi iletwe. Mashine za kunakili ziko kila mtaa.

Kuhusu wakala sitasema mengi. Tangu mwaka 2023 wakala wa kandanda anayefanya kazi ya kimataifa anahitaji leseni ya FIFA inayotanguliwa na mtihani, na majina ya wenye leseni hutafutwa bure kwenye tovuti ya FIFA kwa simu uliyo nayo mkononi. Mkataba wako naye hauzidi miaka miwili. Anayekudai "pesa ya viza" ili akupeleke majaribio ng'ambo mwache aende zake, na anayemwahidi kijana wa miaka 16 kutoka Vihiga mkataba wa Ulaya anaahidi jambo ambalo kanuni zinalizuia, ila kwa hali chache mno kama vile wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizohusu soka.

Nyumba, hewa na chakula

Fika siku tatu kabla ya mazoezi ya kwanza. Usifike usiku, na usifike moja kwa moja uwanjani na begi mgongoni kama nilivyofanya mimi. Siku ya kwanza tafuta nyumba, na kigezo cha kwanza kiwe umbali kutoka uwanja wa mazoezi, cha pili maji, cha tatu utulivu wa usiku. Kodi iwe ya nne. Nakuru utashawishika kuchukua chumba cha bei nafuu pembezoni kabisa, lakini nauli ya mara mbili kwa siku na usingizi unaopotea vitaila tofauti hiyo kabla mwezi haujaisha. Kisumu, kwa klabu inayofanyia mazoezi upande wa Mamboleo, mtu akikaa Migosi au Kondele anafika kwa boda boda moja, ila Kondele achague nyumba isiyotazama barabara kuu, maana kule muziki haujui kesho kuna mechi. Ukiweza, kaa mwezi mmoja kwa mchezaji mwenzako kabla ya kulipa deposti popote. Utakuwa umeujua mji, naye atakujua.

Jambo linalowashangaza wengi ni hewa. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru karibu mita 1,850. Aliyezoea kukimbia kando ya ziwa akipanda Nakuru, wiki ya kwanza mapafu humwambia amezeeka: mbio ya tatu ya mita 60 humkata pumzi, na usiku mdomo humkauka. Huo si ugonjwa wala si kukosa mazoezi. Hewa ya juu humpa mtu oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na mwili huhitaji muda, mara nyingi wiki mbili hadi tatu kabla ya kuanza kujisikia sawa. Mwambie kocha wa viungo mahali ulikotoka, usijifiche, na usiongeze mazoezi ya usiku kwa siri ili "ukamate" wenzako; ndivyo nilivyopoteza zile kilo nne. Anayeshuka kutoka Nakuru kwenda Kisumu hupumua kwa raha, lakini joto na unyevu humtoa jasho asilolizoea, naye aanze kunywa maji tangu asubuhi badala ya kungoja kiu ya dakika ya 30. Kakamega ina lake: mvua ya alasiri. Pale uwanja wa Bukhungu na katika viwanja vya mazoezi vya kandokando, beba jozi ya njumu zenye meno marefu hata kama asubuhi anga ni bluu kama sare ya shule.

Chakula nacho kisikutie hofu. Huhitaji vyakula vya makopo vyenye picha za wanaume wenye misuli. Ugali, mayai, maharagwe, ndengu, omena, mboga za kienyeji na ndizi vinatosha kumlisha mwanasoka, akivila kwa saa zinazofaa. Kosa la mgeni ni kwamba hajui kibanda cha kula, basi hushinda kwa chipsi na soda kwa sababu ndizo zinazouzwa karibu na stendi. Wiki ya kwanza mtafute mama mmoja mpishi karibu na nyumba yako, mweleze kazi yako, mpatane bei ya mwezi, na umwombe siku ya mechi akuwekee chakula muda wa saa tatu kabla ya mchezo. Huyo mama atakuwa mtu wako wa kwanza mjini, na mara nyingi ndiye atakayekukopesha sahani mshahara ukichelewa.

Chumba cha kubadilishia nguo

Siku ya kwanza msalimie kila mtu kwa mkono, kuanzia kocha mkuu hadi mlinzi wa lango, na usiketi hadi uone kiti kisicho na mwenyewe. Kila timu ina viti vyenye wenyewe visivyoandikwa majina, hata ndani ya basi. Namba ya jezi usiidai. Uliyoivaa ulikotoka inawezekana ina mwenyewe aliyeivaa miaka sita, na hakuna haja ya kuanza urafiki kwa kesi.

Mfanye rafiki mtunza vifaa. Katika klabu ile ya Nakuru alikuwa mzee mmoja ambaye sote tulimwita Guka, aliyekuwa akifua jezi na kuhesabu soksi huku akiona kila kitu. Wiki yangu ya pili tulicheza mechi ya kirafiki. Kipa wetu akapiga kelele, "Panda!" Nilikotoka neno hilo lilimaanisha beki wa pembeni apande kushambulia, basi nikachomoka ubavuni kama mwivi aliyeonwa. Pale lilimaanisha ukuta wote usogee mbele kwa pamoja kuweka mtego wa kuotea. Winga wao akapita katika pengo nililoliacha, tukafungwa, na wenzangu wakanitazama kwa ule ukimya ambao ni mbaya kuliko matusi. Baada ya mechi Guka alikuwa akizikunja jezi.

"Wewe kijana wa Vihiga," akaniambia bila kuinua kichwa, "hapa 'panda' si ya mtu mmoja."

"Nimeona, Guka."

"Hujaona. Nenda kwa kipa, umuulize maneno yake yote, uandike."

Nilikwenda, nikaandika maneno 11. Nakushauri ufanye hivyo siku ya kwanza, kabla hujafungisha timu: muulize kipa, beki wa kati aliye karibu nawe na kiungo mkabaji, kila mmoja anasema nini anapotaka ufunge ndani, utoke nje, umkabe mwenye mpira au umwache. Uliza pia kwenye kona za wapinzani unasimama na nani. Ni mazungumzo ya robo saa ambayo watu wazima huyaonea haya bure.

Lugha ya mtaani nayo ina nafasi yake. Kisumu wenzako watataniana kwa Kijaluo, Kakamega kwa Kiluhya cha aina zake nyingi, na mgeni huweza kudhani anasengenywa. Mara nyingi hasengenywi. Watu wanazungumzia chakula. Jifunze salamu na vichekesho viwili, wacheke matamshi yako, yaishe. Lakini katika kikao cha timu, kama maagizo yanatolewa kwa lugha usiyoijua, inua mkono na kwa heshima uombe Kiswahili. Hiyo ni haki yako ya kikazi, na kocha mwenye akili atashukuru.

Pesa, benchi na jeraha

Habari za kusajiliwa kwako zitafika nyumbani kabla ya mshahara, na zitafika zikiwa zimenenepa. Kaka mkubwa atataka mtaji wa boda boda, shangazi atakumbusha karo aliyokulipia kidato cha pili, na wote wana haki fulani. Kabla ya mwezi wa kwanza kuisha, keti na mzazi au mlezi mmoja, mwambie kiasi halisi, mpatane utakachotuma kila mwezi, na maombi mengine yote yapitie kwake. Weka kando kodi ya miezi mitatu kabla ya kununua runinga. Katika ligi yetu mshahara kuchelewa ni jambo la kutarajiwa, hata katika klabu zenye viongozi wema.

Mshahara ukichelewa sana, usigome kimyakimya wala usiache kufika mazoezini, kwa kuwa hapo klabu itapata sababu ya kusema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Kwa kanuni za FIFA, klabu isipolipa angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, mradi awe ameiandikia klabu na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote. Barua iandikwe, ipokewe kwa muhuri au itumwe kwa barua pepe, na nakala ubaki nayo. Kabla ya kuituma zungumza na chama cha wachezaji, KEFWA, ambacho kazi yake ni hii hasa; na kuna Mahakama ya Mizozo ya Michezo iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013.

Benchi nalo lina adabu yake. Subiri wiki nne au tano, kisha mwombe kocha dakika kumi, asubuhi, si baada ya mechi mliyoshindwa. Usimuulize kwa nini fulani anacheza nawe huchezi. Muulize ni mambo gani mawili angetaka kuyaona kwako, uyafanyie kazi mwezi mzima, kisha urudi kwake umuulize kama ameyaona. Olunga alijiunga na Kashiwa Reysol ya Japani mwaka 2018, na klabu ikashuka daraja msimu huohuo. Alibaki nayo ligi ya pili mwaka 2019, ikapanda, na mwaka 2020 akafunga mabao 28 katika ligi kuu na kuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa Japani. Sisemi kila anayevumilia atafunga mabao 28. Ninasema tu kwamba miezi sita si kipimo cha kutosha kumfanya mtu aanze kuwapigia mawakala.

Ukiumia, sema siku hiyohiyo, kwa daktari wa timu, na uhakikishe ameandika. Msuli wa nyuma ya paja unaouma kidogo Jumanne na ukafichwa hadi Jumamosi hugharimu wiki sita badala ya siku nane, na kama hakuna maandishi, klabu inaweza kusema uliumia kwenye mashindano ya mazishi kijijini. Mashindano hayo nayo, kwa kweli, achana nayo ukiwa chini ya mkataba, hata jogoo wa zawadi awe mnene vipi.

Saa za mchana ni nyingi kwa mchezaji, na ndizo humharibu. Nakuru iko karibu na Egerton ya Njoro, Kakamega ina Masinde Muliro, Kisumu ina Maseno jirani. Olunga alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza. Wewe unaweza kuanza na kozi fupi, au leseni ya kwanza ya ukocha, ambayo angalau inakufundisha kwa nini kocha wako hukasirika.

Siku ya kuondoka

Katika miezi sita ya mwisho ya mkataba una ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine. Ukiamua kwenda, rudisha jezi na vifaa kwa hesabu na upewe karatasi, lipa deni la mama mpishi, na kabla ya kupanda gari chukua vitu vinne: barua ya kuachiliwa yenye muhuri na saini, hati za mishahara, ripoti za hospitali, na maandishi yanayoonyesha deni lolote ambalo klabu bado inakudai au wewe unaidai.

Mimi niliondoka Nakuru bila barua. Nilikumbuka nikiwa Mumias, siku ambayo dirisha la uhamisho lilikuwa likifungwa usiku, nikapanda matatu kurudi, nikafika afisi za klabu saa kumi jioni na kuambiwa katibu yuko mazishini Bomet. Guka ndiye aliyejua simu ya mke wa katibu. Barua ilipigwa picha na kutumwa saa tatu na nusu usiku kutoka duka la dawa lililokuwa na mashine ya kunakili, na muhuri ulikuwa umepigwa juu chini, lakini ulisomeka.